Maswali ya Wasomaji: Nichukue Kozi Gani Chuoni?

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu jambo moja: uchaguzi wa kozi ya shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya teknolojia vyenye jina kubwa. Nimechagua nne. Nyingine zinafanana nazo kiasi kwamba waliozileta watajiona humu bila kutajwa.

Zote naziona nzuri

*Shikamoo mwalimu. Nimepata nafasi ya kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, ambako mwanafunzi huingia bila kutaja kozi, akaichagua baada ya mwaka wa kwanza. Wengine wangeiona hiyo kuwa neema, lakini mimi inaninyima usingizi. Tangu utotoni napenda fizikia, na kompyuta nazipenda pia. Walimu, marafiki na ndugu zangu wote wananiambia nichukue sayansi ya kompyuta kwa kuwa ndiko kwenye ajira. Nikisoma maelezo ya kila kozi kwenye tovuti ya chuo, zote naziona nzuri. Nitaijuaje iliyo yangu? — Niliye njia panda*

Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Umegusia jambo moja ambalo pengine hukulitilia maanani, nalo ni kwamba ukisoma maelezo ya kozi unaziona zote nzuri. Maelezo hayo yameandikwa ili uzione nzuri. Kila idara hueleza kule inakofika, yaani roketi, dawa mpya, akili mnemba, majengo yanayohimili tetemeko la ardhi. Hakuna idara inayokueleza Jumatano usiku ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwenye karatasi ya maswali sita ya kukabidhi kesho asubuhi, na mawili kati ya hayo hajui hata pa kuanzia. Nawe utakachoishi nacho kwa miaka minne ni hiyo Jumatano, si roketi.

Kwa hiyo acha kusoma maelezo ya kozi, soma maswali yake. Mwaka 2001 MIT ilitangaza kwamba itaweka vifaa vya masomo yake kwenye intaneti bila malipo, na hadi leo yeyote anaweza kufungua mihtasari ya mihadhara, mitihani iliyopita na karatasi za maswali ya kila wiki. Usichukue za mwaka wa kwanza, kwa maana mwaka huo watu wote husoma mambo yanayokaribiana. Chukua za mwaka wa tatu. Hutaweza kuyajibu maswali hayo, wala hutakiwi kuyajibu. Tazama vitenzi vyake tu.

Katika karatasi ya hisabati kitenzi kinachorudi kila mara ni "thibitisha". Mtu anaweza kukaa na sentensi moja kwa siku mbili, bila kikokotoo wala tarakimu hata moja kwenye daftari, kisha njia ikamjia anapopiga mswaki. Fizikia husema "kadiria", "tafuta", "eleza ni kwa nini", na humtaka mtu awe na ujasiri wa kuyatupa yale madogo ili abaki na lile kubwa linaloamua mambo. Uhandisi wa mitambo husema "sanifu" na "chagua": chagua unene wa mhimili utakaobeba mzigo huu bila kukatika, huku ukijua kwamba majibu yanayofaa ni mengi, na lililo bora hutegemea gharama, uzito na mashine zilizopo karakana. Sayansi ya kompyuta ina sura mbili ambazo wageni huzichanganya. Nusu yake ni "andika programu", na nusu ya pili ni "onyesha kwamba hakuna njia ya haraka kuliko hii", ambayo ni hisabati iliyobadili nguo. Wengi wanaosema wanapenda kompyuta huwa wanaipenda ile nusu ya kwanza, na nimewaona wakishtuka kama waliomwagiwa maji baridi walipokutana na ya pili. Ukisoma kitenzi na mkono ukakuwasha kuishika kalamu, hata kama unajua utakosea, ichukulie hiyo kuwa dalili nzito kuliko sifa zote ulizosoma kwenye tovuti.

Kwa kuwa umetaja fizikia, tuisogelee kidogo. Pale MIT kozi huitwa kwa namba. Kozi ya 2 ni uhandisi wa mitambo, ya 6 ni uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta, ya 8 ni fizikia, ya 18 ni hisabati, na mtu akiulizwa anasoma nini hujibu "nane" akaeleweka. Wanafunzi wa kozi ya 8 wana maabara yao ambako hufanya kazi wawili wawili wakirudia majaribio mashuhuri, na mojawapo ni kupima umri wa muoni, chembe zinazozaliwa juu angani na kutunyeshea sote usiku na mchana. Muoni huishi kwa wastani wa mikrosekunde 2.2 hivi, yaani sehemu mbili na kitu tu kati ya milioni za sekunde moja. Kifaa hungoja chembe iingie na kusimama, kisha hupima muda hadi itakapovunjika, halafu hungoja nyingine. Hakuna cha kutazama. Kazi ya mwanafunzi ni kukaa na grafu ya nukta zilizotawanyika, kutenga zilizo za muoni na zilizo za makosa ya vifaa, kurudia upimaji kwa sababu kifaa cha kupimia muda hakikurekebishwa vizuri, na mwishowe kusimama mbele ya mwalimu kutetea jibu lake pamoja na kiasi ambacho jibu hilo linaweza kuwa limepotoka. Wapo ambao kwao huo ndio utamu wenyewe. Wapo wengine, wenye akili ile ile, ambao saa ya tatu ya kazi hiyo huwa adhabu, na hao ukiwapeleka kwenye somo la usanifu la kozi ya 2, ambako mwanafunzi huchora, hukata chuma na kufunga gia kwa mikono yake hadi siku ya shindano roboti yake itembee au igome mbele ya watu, utadhani si wale uliowaona wakipiga miayo.

Turudi kwenye usingizi wako. Mfumo wa chuo hicho umepangwa ili usikuletee hofu uliyonayo. Masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi ni pamoja na mawili ya kalkulasi, mawili ya fizikia, moja la kemia na moja la biolojia, na wengi huyamaliza mengi kati ya hayo mwaka wa kwanza, hivyo ukifika siku ya kuchagua huwi umechelewa karibu kwa idara yoyote. Muhula wa kwanza alama haziandikwi: ukifaulu huandikwa umefaulu tu, na ukishindwa somo hilo halionekani kwenye hati inayotoka nje ya chuo. Watu huutumia muhula huo kupumzika, nami naona ni kosa, kwa sababu hutapata tena nafasi ya kujaribu kitu unachokiogopa kwa gharama ndogo namna hiyo. Upo pia mpango wa mwaka 1969, ulioanzishwa na Margaret MacVicar, unaowaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti halisi wa maprofesa, kwa malipo au kwa kuhesabiwa masomo. Ingia humo mapema. Miezi mitatu ukiwa mtu mdogo kuliko wote katika maabara ya watu wanaohangaika na jambo lisilojulikana itakueleza zaidi ya washauri kumi, na mimi nikiwamo.

Kuhusu ajira, waliokushauri hawakosei, ila wanazungumza kana kwamba barabara hizo mbili hazikutani. Ndani ya kozi ya 6 yenyewe yamo matawi kadhaa, na lile la akili mnemba na ufanyaji maamuzi lilianza mwaka 2022 tu. Hisabati ina tawi lake linalounganishwa na sayansi ya kompyuta, na fizikia ina njia nyumbufu inayomwachia mwanafunzi nafasi ya masomo ya idara nyingine. Isitoshe, mwanafizikia wa leo huandika programu karibu kila siku, apende asipende. Ila zingatia kwamba njia hizi hazipitiki kwa urahisi sawa pande zote mbili. Mekanika ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa, hukaa juu ya somo la mawimbi, nalo hukaa juu ya sumaku-umeme na hisabati ya mabadiliko, na kila moja huhitaji muhula wake kwa mpangilio. Kuandika programu hakuna ngazi ndefu hivyo; mtu huweza kujifunza kazi hiyo kando ya mambo mengine, mwaka wowote. Kwa hiyo ikiwa kweli mapenzi yako yamelingana, anza na ile yenye ngazi ndefu, kwa maana kuihama ni rahisi kuliko kuirudia.

Richard Feynman, mwanafizikia mashuhuri wa Marekani, aliingia MIT mwaka 1935 akachagua hisabati. Akaona imejitenga mno na dunia, akahamia uhandisi wa umeme, akaona amekwenda mbali mno upande wa pili, ndipo alipotulia kwenye fizikia. Alimaliza mwaka 1939 kwa wakati wake.

Hisabati itamlisha nani?

*Mwalimu, salamu. Binti yangu amekubaliwa na chuo kikuu cha teknolojia ambacho watu wakikisikia husimama. Anataka kusoma hisabati. Mimi nimemwambia achukue uhandisi wa ujenzi, kwa sababu ana wadogo zake wawili bado shuleni na kazi ya hisabati ninayoijua ni ualimu tu. Amenijibu kwamba simwelewi. Sasa tukikaa mezani kila mtu anatazama sahani yake. Naomba unisaidie kumweleza. — Mama mwenye wasiwasi*

Mzazi mwenzangu, nitakusaidia, lakini pengine si kwa namna uliyotarajia, kwa kuwa katika hoja yako iko sehemu uliyo na haki nayo kabisa na iko nyingine ambayo binti amekuzidi.

Haki yako ni hii. Ziko kazi ambazo sheria inazifungia mlango kwa aina ya shahada. Mtu anayetia saini michoro ya daraja au ya ghorofa anatakiwa, katika nchi nyingi, awe mhandisi aliyesajiliwa, na usajili huo kwa kawaida huanzia kwenye shahada ya uhandisi yenye ithibati. Ithibati hizo ndizo zinazozungumziwa katika Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambamo mashirika ya nchi kadhaa yanayotoa ithibati yalikubaliana kutambuana shahada zao za uhandisi. Shahada ya hisabati, hata itoke chuo gani, haiingii humo. Kama moyoni binti ana hamu ya kujenga madaraja, na anakimbilia hisabati kwa kuwa alipata alama nzuri shuleni, mlango anaoufunga ni wa kweli, na kuufungua baadaye kutamgharimu shahada nyingine. Muulize hilo, na umuulize kwa kutaka kujua, si kwa kutaka kushinda.

Lakini ulisema kazi ya hisabati unayoijua ni ualimu tu, na hapo nakuomba utazame simu yako. Kila unapofungua ukurasa wa benki ukaona alama ya kufuli, mawasiliano hayo yanalindwa kwa hisabati. Njia mojawapo iliyotumika zaidi duniani kwa kazi ya namna hiyo ilibuniwa pale MIT mwaka 1977 na watu watatu, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, na inategemea ukweli mmoja wa kushangaza kwa wepesi wake, kwamba kuzidisha namba mbili tasa zilizo kubwa sana ni kazi ya dakika, ilhali kumpa mtu jibu lake na kumwambia azitafute zile mbili za mwanzo ni kazi ambayo kompyuta hushindwa kuimaliza kwa muda wa maana. Wote watatu shahada zao za kwanza zilikuwa za hisabati. Kampuni za bima huajiri watu wa hisabati kukokotoa hatari, benki huwaajiri, na kampuni za kompyuta huwagombea, hasa wale waliochukua pamoja na hisabati yao masomo ya takwimu, ya uwezekano na ya kuandika programu.

Hilo la mwisho ndilo ningelishikilia kama ningekuwa mimi. Usibishane na binti kuhusu jina la kozi. Zungumza naye kuhusu yatakayokuwa ndani yake. Mhitimu wa hisabati aliyesoma nadharia tupu kwa miaka minne bila kugusa data wala programu, akiwa hana nia ya kuendelea na shahada ya uzamivu, atahangaika kidogo sokoni, na hapa wasiwasi wako una mashiko. Vyuo vikubwa karibu vyote vina njia zaidi ya moja ndani ya hisabati: ya nadharia, ya matumizi, na ile inayochanganywa na kompyuta. Mwombe akuonyeshe kwa maandishi masomo anayokusudia kuchukua muhula kwa muhula. Akiweza kukaa nawe akakueleza kila moja ni la nini, utakuwa umepata jibu lako. Akishindwa, naye atakuwa amepata lake, bila wewe kusema neno.

Uhandisi wa ujenzi ni kazi ya heshima, nami simpunguzii mtu. Ila mwanafunzi aliyesukumwa humo huonekana mapema: huwa ni yule anayejua fomula zote za zege lakini hajawahi kusimama barabarani kutazama zege likimwagwa.

Nilichagua jina

*Mwalimu, niko mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme katika chuo ambacho kozi huchaguliwa siku ya kuomba nafasi. Nilikuwa na alama za juu, na kozi hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuingia, basi nikaiandika ya kwanza. Sijafeli somo, lakini nimechoka, na hisabati yake naiona haina mwisho. Natamani kuhamia uhandisi wa kemikali. Nikihama naogopa kupoteza mwaka, na nyumbani bado hawajui. — Aliyechoka*

Ndugu yangu, barua yako imenirudisha mbali. Mimi nami niliandika ya kwanza ile iliyokuwa ngumu kuingia, kana kwamba nafasi ni kikombe na kazi yangu ni kukinyanyua. Niligundua kosa langu siku moja ya muhula wa tatu. Tulifika maabara tukakuta karatasi mlangoni inasema fundi anaumwa na kazi ya siku hiyo imeahirishwa. Wenzangu wawili walikasirika, wakasimama pale mlangoni wakibishana juu ya saketi waliyokuwa wameichora usiku. Mimi nilifurahi mpaka nikaona aibu. Sikuwa mvivu, nilikuwa nikikesha kama wao. Tofauti ni kwamba wao walinyimwa kitu siku ile, mimi nikapewa.

Basi jipime kwa hilo kabla ya kugusa fomu yoyote, maana uchovu na kosa la uchaguzi hufanana sana kwa nje. Mwaka wa pili ni mwaka wa ukame katika karibu kozi zote za uhandisi. Hamu ya ugeni imekwisha, masomo yenye ladha ya kazi bado hayajaanza, na katikati yake kuna hisabati tupu. Hisabati hiyo unayolalamikia itakufuata uhandisi wa kemikali, kwa sababu mtiririko wa vimiminika na upitishaji wa joto huandikwa kwa lugha ile ile. Albert Einstein, aliyeingia chuo cha teknolojia cha Zürich mwaka 1896, alikuwa akikwepa mihadhara mingi ya hisabati na kutegemea daftari za rafiki yake Marcel Grossmann, akiamini mwanafizikia hahitaji yote yale. Mwaka 1912, alipohitaji jiometri ya nafasi iliyopinda kwa ajili ya nadharia yake ya mvutano, ilimbidi arudi kwa Grossmann huyo huyo kuomba msaada. Kama kinachokufukuza ni hisabati peke yake, utahama chumba ukiwa umebeba mzigo wako ule ule.

Ikiwa baada ya kujipima bado unataka kemikali yenyewe, yaani unasoma kuhusu jinsi mafuta ghafi yanavyotenganishwa kwenye mnara wa kukenekea na unasahau kula, basi fanya hesabu. Chukua karatasi kubwa, andika masomo yote ya uhandisi wa kemikali unayotakiwa kuyapita, na uchore mshale kutoka kila somo kwenda lile linalolitegemea. Utaona kwamba kalkulasi, fizikia na programu umekwisha kuzilipia. Unachopungukiwa ni mlolongo wa kemia, pamoja na thermodinamiki yake, yaani elimu ya joto na nishati, ambayo hutangulia masomo ya matangi ya kiwandani ambamo kemikali humenyuka. Hesabu mlolongo ulio mrefu kuliko yote, kwa mihula. Huo ndio muda utakaouongeza, si idadi ya masomo yaliyobaki, kwa kuwa masomo yasiyotegemeana unaweza kuyachukua pamoja. Kisha uliza jambo dogo ambalo limewaumiza wengi: ni yapi kati ya masomo hayo yanafundishwa mara moja tu kwa mwaka? Ukilikosa moja la namna hiyo kwa wiki mbili za kuchelewesha fomu, utalingoja miezi 12.

Kanuni za kuhama hazifanani, kwa hiyo usitegemee hadithi za marafiki walio vyuo vingine. Cambridge huwafundisha wanafunzi wake wote wa uhandisi pamoja kwa miaka miwili, ndipo wachague tawi. Katika ETH ya Zürich, chuo kile kile cha Einstein, mtu huchagua kozi tangu mwanzo, na mitihani ya mwaka wa kwanza hurudiwa mara moja tu. Ukishindwa mara ya pili unaondolewa kwenye kozi, ndiko kule wanafunzi wanakokuita kudisko. Katika taasisi za teknolojia za India, zile ziitwazo IIT, nafasi ya mtu katika mtihani wa taifa ndiyo huamua chuo na tawi kwa pamoja, na wengi huko wamekutana na kishawishi kile kile kilichokupata wewe, cha kuchagua kilicho juu kwa sababu tu kiko juu. Kwenye chuo chako, jibu analo msajili na mshauri wa masomo wa idara unayoitaka. Nenda kwa huyo wa pili kwanza. Mshauri wa idara unayotoka atakuonea huruma, lakini wa idara unayokwenda ndiye atakayekwambia ni masomo yako yapi atayakubali.

Ipo pia njia ya kubaki na kupinda. Betri ni umeme na kemia kwa pamoja, vihisi vya viwandani hali kadhalika, na mwanafunzi wa umeme mwenye masomo matatu ya kemia aliyefanya mradi wake wa mwisho juu ya betri hana cha kuonea haya. Sikushawishi ubaki, nakuomba tu uiweke njia hiyo mezani pamoja na nyingine.

Nyumbani waeleze kabla ya kutia saini, ukiwa na ile karatasi ya mishale mkononi. Mzazi akiambiwa "nimechoka" husikia uvivu, lakini akionyeshwa kwamba kinachoongezeka ni mihula miwili na gharama yake ni hii, huanza kuuliza maswali ya maana. Mimi nilifanya kinyume, nikahama kwanza na kusema baadaye, na baba yangu hakukasirishwa na kuhama kwangu hata kidogo. Alichouliza, na aliendelea kukiuliza kwa miaka, ni kwa nini alikuwa wa mwisho kujua.

Mbili kwa pamoja?

*Mwalimu, chuo changu kinaruhusu kuchukua kozi kuu mbili. Nafikiria uhandisi wa anga na uchumi. Je, itanisaidia kazini? — Mwenye njaa ya elimu*

Kijana, inategemea ni masomo mangapi yanahesabiwa pande zote mbili. Hisabati na fizikia, au hisabati na sayansi ya kompyuta, hushirikiana msingi, na mtu mwenye bidii huzimudu bila kujiua. Uhandisi wa anga na uchumi zinakutana kwenye hisabati ya mwanzo na takwimu, halafu kila moja inakwenda zake, kwa hiyo utakachokipunguza ili nafasi ipatikane ni yale masomo ya hiari na saa za maabara, ambayo kwa mhandisi wa anga ndiyo mahali pa kukutana na watu watakaomwandikia barua za kumpendekeza. Mwajiri wa ndege atakuuliza umewahi kujenga nini kikaruka. Shahada ya uchumi hataiulizia.

Vyuo vingi vyenye kozi kuu mbili vina pia kozi ndogo, na pale MIT hizo huwa za masomo kati ya matano na saba hivi. Ichukue anga kwa ukamilifu, uchumi uuchukue kwa kiasi hicho, na ndani yake usikose somo la uchambuzi wa takwimu za kiuchumi, kwa kuwa ndilo utakalolitumia hata ukiwa kwenye karakana ya injini. Fomu ya kozi kuu ya pili usiijaze mwaka huu. Mwakani, ukiwa umemaliza somo lako la kwanza la mwendo wa hewa na bado una njaa, niandikie tena.